Mwepu Ilunga na ule mpira wa Gelsenkirchen: mjinga au mkaidi?

1. Kwa nini mpira

Tukitaja mapokeo, watu wengi wanafikiri mara moja ngoma, mahari, matanga, majina ya wazee na hadithi za kando ya moto. Ni vizuri. Lakini kuna mambo mengine yaliyoingia katika maisha yetu tangu wakati wa wazungu, na leo hakuna mtu wa kutuambia kwamba si yetu. Mpira ni mojawapo. Katika mji wa Lubumbashi mtoto anajua ekipe ya baba yake mbele ya kujua kusoma. Anairithi ginsi anavyorithi jina. Kwa hiyo, ndani ya kitabu cha mapokeo, mchezaji wa zamani naye ana nafasi yake.

Ninataka kuongea juu ya Mwepu Ilunga. Vijana wa leo hawakumwona akicheza, lakini karibu wote wamekwisha kumwona mara moja, kwa nukta chache tu, ndani ya telefone. Picha ni ya mwaka wa 1974. Wabrazil wanataka kupiga coup-franc. Wachezaji wa Zaire wamepanga ukuta. Arbitre anapuliza filimbi, na ghafla mtu mmoja mwenye numero 2 anatoka mbio katika ukuta, anaupiga mpira ule wa watu wengine, unaruka mbali. Vijana wanacheka, kisha wanauliza: « Ule muzee hakuyuwaka mupira? »

Swali hili ni la haki, na sisi tunaofundisha historia tunapashwa kulijibu. Kwa miaka mingi ni watu wa Ulaya waliolijibu mbele yetu. Walisema: ndiyo, hakujua, Mwafrika alikuja kwenye Kombe la Dunia bila kujua sheria za mchezo. Jibu hilo lilizunguka dunia, na mwisho wake likarudi kwetu nyumbani, ndani ya kinywa cha watoto wetu wenyewe. Basi tuliangalie kwa uangalifu.

2. Mchezaji wa Englebert

Mwepu Ilunga alizaliwa tarehe 22 mwezi wa nane 1949. Alikuwa mlinzi wa upande wa kuume, na ekipe yake ilikuwa Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo tunaita TP Mazembe. Mtu asiyejua ekipe ile ilikuwa nini hawezi kuelewa mambo yanayofuata.

Ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenedikto, katika masomo ya Saint-Boniface, wakati mji wetu ukiitwa bado Elisabethville. Kwanza iliitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, halafu ikachukua jina la Englebert, kampuni iliyokuwa inatengeneza mipira ya magurudumu ya motokari. Mwaka wa 1966 ilikuwa bingwa bila kushindwa, na kutoka hapo ikajiongezea lile jina la Tout Puissant, maana yake mwenye nguvu zote. Majivuno? Labda. Lakini mwaka wa 1967 ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika, na mwaka wa 1968 ikalichukua tena. Mwaka wa 1969 na wa 1970 ilifika tena kwenye mchezo wa mwisho, ikashindwa, mara ya kwanza na Ismaily ya Misri, mara ya pili na Asante Kotoko ya Ghana. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: michezo ya mwisho minne, miaka minne kwa kufuatana.

Hiyo ndiyo nyumba alimotoka Mwepu. Mtu aliyepata nafasi katika ekipe ya namna hiyo, kisha akaitwa katika ekipe ya taifa, angekosaje kujua kwamba coup-franc ni ya nani? Kitu ambacho mtoto wa Kenya ao wa Katuba anakijua akiwa na miaka saba, mlinzi wa Englebert angekosaje kukijua akiwa na miaka karibu 25? Tuweke jambo hili akilini, tutalirudilia.

3. Njia ya kwenda Ujerumani

Zamani njia ya Mwafrika kufika kwenye Kombe la Dunia ilikuwa nyembamba sana. Misri ilicheza mwaka wa 1934. Kisha miaka ikapita. Kwa kombe la 1966, Afrika haikupewa hata nafasi moja iliyo yake kabisa. Bingwa wa Afrika alipashwa kupambana tena na watu wa Asia ao wa Oseania. Inchi za Afrika zilikataa, zikabaki nyumbani. Kutokana na ukaidi ule, Afrika ikapata nafasi yake moja kwa kombe la 1970, na Morocco ikaenda Mexico. Kwa 1974 nafasi ilikuwa bado moja tu, kwa Afrika nzima.

Nafasi ile ilichukuliwa na Zaire, mwezi wa kumi na mbili 1973, kisha kuwapita Zambia na Morocco katika kundi la mwisho. Ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika ya kusini mwa Sahara kufika kwenye Kombe la Dunia. Na ule mwaka wa 1973, AS Vita Club ya Kinshasa nayo ilikuwa imechukua kombe la mabingwa wa Afrika. Wachezaji wote 22 waliopelekwa Ujerumani walikuwa wanacheza hapa nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyetoka katika ekipe ya Ulaya.

Mwezi wa tatu 1974, mbele ya kwenda Ujerumani, walikwenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwenye mchezo wa mwisho, Zaire na Zambia walitoka 2-2. Wakarudilia siku mbili nyuma, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika shindano lile zima alifunga mabao 9.

Tukumbuke pia hali ya inchi. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alitangaza Zairianisation: maduka, mashamba na kampuni za wageni vikagawiwa kwa wazaire, na wenye kupokea wengi walikuwa watu wa karibu na utawala. Bei ya shaba ilikuwa juu sana, na feza ilionekana kama haina mwisho. Wachezaji walioshinda Misri walipewa zawadi, wao wenyewe walisimulia juu ya nyumba na motokari. Prezida alikuwa baba, na ekipe ya Léopards ilikuwa mtoto mpendwa. Lakini karibu na mtoto mpendwa walikuwa wakubwa wengi wa serikali na wa mpira, kila mtu na mkono wake wazi. Msemo wa wazee unasema: mkono mtupu haulambwi. Huko Ujerumani wachezaji waliona kwamba mikono mitupu ilikuwa ya kwao.

4. Michezo mitatu

Mchezo wa kwanza ulikuwa Dortmund, tarehe 14 mwezi wa sita 1974, na Uskoti. Zaire ilishindwa 2-0. Haikuwa haya. Wengi walioangalia waliona ekipe inayojua kucheza.

Kisha ikaja habari ya prime. Wachezaji waliambiwa, ao walielewa, kwamba feza walizoahidiwa hazitawafikia. Zilikuwa zimeishia kwa wakubwa. Walikasirika, wakasema hawatacheza mchezo wa pili. Wakaombwa, wakasukumwa, mwisho wakaingia kwenye uwanja wa Gelsenkirchen tarehe 18. Lakini kuingia uwanjani ni jambo moja, kucheza ni jambo lingine.

Yugoslavia iliwafunga 9-0. Kocha wetu Blagoje Vidinić alikuwa yeye mwenyewe mtu wa Yugoslavia, na hapo maneno ya usaliti yakaanza. Kisha bao la tatu, golikipa Kazadi Mwamba wa Mazembe aliondolewa, akaingia Tubilandu, na mabao yakaendelea kuingia.

Katika mchezo ule ule kuna jambo lingine la Mwepu ambalo halionekani sana kwenye telefone. Wachezaji walikuwa wanamzunguka arbitre kwa hasira. Mtu mmoja akampiga teke kwa nyuma. Arbitre akageuka, akamfukuza Ndaye Mulamba. Ndaye hakufanya kitu. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu, na nyuma ya miaka alikubali mwenyewe kwamba ni yeye. Sisemi kwamba ni jambo la kusifu. Kumpiga arbitre ni kosa, na kosa lile lilimwangukia mwenzake asiye na hatia, tena mfungaji bora wa Afrika. Ninalitaja juu historia haichagui tu mambo mazuri. Tena linatuonyesha ginsi mtu huyu alivyokuwa siku zile: hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa.

Kisha kichapo kile, hoteli ikabadilika. Mwepu alisimulia kwamba watu wa ulinzi wa Mobutu walifika, wakafukuza waandishi wa habari, wakawaambia wachezaji maneno mafupi: mkifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, hakuna atakayerudi nyumbani.

Msomaji apime uzito wa maneno hayo. Brazil walikuwa mabingwa wa dunia tangu 1970. Tena walikuwa wamekwisha kutoka 0-0 mara mbili, na Yugoslavia na Uskoti, na walihitaji mabao. Ili kupita mbele ya Uskoti, Brazil walihitaji kushinda kwa mabao matatu. Na Zaire, ili kurudi kwa jamaa zao, walipashwa kutofungwa la nne. Ni mara gani nyingine katika mchezo huu hesabu ya bao moja ilikuwa nzito namna hiyo?

5. Dakika ile

Ilikuwa tarehe 22 mwezi wa sita 1974, tena Gelsenkirchen. Jairzinho alifunga mapema. Katika nusu ya pili Rivelino akafunga la pili, na mwishoni Valdomiro akafunga la tatu. Mchezo ukaisha 3-0. Brazil wakapita. Uskoti wakarudi kwao bila kushindwa mchezo hata mmoja. Na Léopards walikuwa wamefikia ule mpaka waliowekewa, bila kuuvuka.

Ndani ya nusu ile ya pili ndipo ile coup-franc ilipotokea. Wabrazil walisimama karibu na mpira, na Rivelino alikuwa mtu wa kuogopwa kwa mapigo ya namna ile. Filimbi ikalia. Mwepu akakimbia, akapiga. Arbitre, mtu wa Romania, akamwonyesha karton ya njano. Wabrazil wakashangaa, wengine wakacheka. Watangazaji wa Ulaya wakasema ni ujinga.

Sasa turudilie kile tulichoweka akilini. Katika michezo miwili iliyotangulia coup-franc zilipigwa, na Mwepu alikaa katika ukuta kama watu wote. Katika miaka yake yote ya Mazembe na ya ekipe ya taifa, hakuna anayesimulia kwamba alikuwa na desturi ya kupiga mipira ya wengine. Mtu hawezi kujua sheria miaka yote, akaisahau kwa nukta tano, kisha akaijua tena. Neno la ujinga halisimami. Lilisimama tu juu waliolisema walikuwa tayari kuliamini mbele hata Mwepu hajatoka mbio.

6. Maneno yake mwenyewe

Ya maana zaidi ni kwamba Mwepu aliishi muda mrefu, na aliulizwa. Hapa ndipo kazi ya mwanahistoria inapokuwa ngumu, sababu hakutoa jibu moja.

Jibu la kwanza, alilowapa watu wa BBC, ni la hasira. Alisema alifanya kwa kusudi, na sheria alizijua vizuri. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani wakati wale watakaokula feza wamekaa kwenye viti wakiangalia. Jibu la pili ni la hesabu: alitaka kupoteza wakati, kusudi lile bao la nne lisifike. Jibu la tatu ni la woga: aliingiwa na wasiwasi, akaupiga mpira mbele ya kufikiri, na watu waliocheka hawakujua uzito uliokuwa juu ya mabega yao.

Mtu wa haraka atasema: majibu matatu, basi mzee alikuwa mwongo. Mimi sikubali. Ndani ya mapokeo yetu, mzee akisimulia jambo moja mara tatu, hasimulii kwa maneno yale yale, juu wasikilizaji si wale wale na swali si lile lile. Akiulizwa habari za feza, atajibu juu ya feza. Akiulizwa habari za Mobutu, atajibu juu ya Mobutu. Kisha tuangalie kama majibu yale yanapigana. Hayapigani. Mfanyakazi asiyelipwa ana hasira. Mtu aliyeambiwa kwamba hatarudi nyumbani ana woga. Mtu anayeangalia saa ikienda polepole anatafuta namna ya kuisukuma. Mambo hayo yote yanaweza kukaa ndani ya moyo mmoja kwa dakika moja, na mguu ukaamua.

Majibu yote matatu yanakubaliana juu ya neno moja: hakuwa mjinga wa sheria. Na kuna neno lingine. Katika ekipe nzima, watu 11 walikuwa na hasira ile na woga ule. Mmoja tu alitoka katika ukuta. Ndiyo sababu ninasema mkaidi.

7. Mchezaji na mfalme

Mambo haya si mapya kwetu. Waluba wanasimulia tangu zamani habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mkali, na kijana Kalala Ilunga, mtoto wa Mbidi Kiluwe, yule mwindaji aliyetoka mashariki. Kalala Ilunga alikuwa hodari wa vita na wa ngoma. Kuna masimulizi yanayosema kwamba wawili hawa walicheza pamoja mchezo wa mpira wa utomvu wa mti, na kijana akamshinda mfalme. Mama wa Nkongolo akacheka. Kwa kicheko kile, mfalme akamzika mama yake akiwa mzima. Kisha akachimba shimo, akaweka mikuki ndani, akafunika kwa mkeka, akamwita kijana aje kucheza ngoma juu yake. Kijana alionywa, akaruka, akavuka mto Lualaba, akakimbilia kwa baba yake. Alirudi na jeshi, na ufalme ukawa wake.

Jina la Ilunga liko la watu wengi katika Katanga, na sitaki kumpa Mwepu ukoo ambao sina ushuhuda wake. Ninachukua tu somo. Wazee walijua kwamba mfalme anampenda mchezaji hodari mpaka siku kicheko cha watu kinapogeuka upande wa mfalme. Mwaka wa 1974 dunia ilicheka, na Mobutu alihesabu kwamba imemcheka yeye. Zawadi zikakauka. Mwisho wa mwaka ule bei ya shaba nayo ilikuwa imeanguka, na inchi nzima ikaanza kuonja kile ambacho wachezaji walikwisha kukionja huko Ujerumani: ahadi kubwa, mifuko mitupu, na wakubwa wamekwisha kula.

Kwa Ndaye Mulamba mto wa kuvuka ulikuwa mrefu. Mwaka wa 1994 alialikwa Tunisia na wakubwa wa mpira wa Afrika ili apewe heshima. Aliporudi, watu wenye silaha walimvamia, wakampiga risasi ya mguu. Alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko katika umaskini. Mwaka wa 1998, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, watu walisimama kimya kumlilia, kumbe alikuwa mzima! Alikufa Johannesburg tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019. Rekodi yake ya mabao 9 haikumjengea nyumba.

Mwepu alibaki inchini. Alikufa Kinshasa tarehe 8 mwezi wa tano 2015, kisha ugonjwa wa muda mrefu. Magazeti ya dunia yaliandika habari ya kifo chake, na karibu yote yalianza na ile coup-franc. Mtu wa miaka 65, mlinzi wa ekipe bingwa wa Afrika ya 1974, wakamfupisha ndani ya nukta tano. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule, Mazembe yake ilichukua tena kombe la mabingwa wa Afrika.

8. Kumalizia

Kicheko hakina dhambi. Mwaka wa 2010, golikipa wetu Kidiaba alipofurahi kwa kurukaruka akikalia matako, Mazembe ikiwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika kwenye mchezo wa mwisho wa kombe la dunia la ekipe, dunia ilicheka pia. Lakini pale alikuwa ni Kidiaba mwenyewe aliyetoa kicheko, na watu walicheka pamoja naye. Mwaka wa 1974 walimcheka mtu bila kumwuliza kitu. Hiyo ndiyo tofauti ambayo watoto wetu wanapashwa kujifunza: kucheka na mtu, na kumcheka mtu.

Kwa walimu wenzangu nina shauri moja. Picha ile iko, haitapotea, na watoto wataiangalia hata kama hatutaki. Basi tuiingize darasani. Tuwaulize maswali ya mwanahistoria: nani alipiga picha, nani alisema maneno yaliyo juu yake, nani hakuulizwa? Ni nini kilitokea siku nne mbele? Feza zilikuwa wapi? Mwalimu wa inchi hii anayefundisha miezi kadhaa bila mshahara hatahitaji maelezo mengi ili amwelewe mlinzi yule wa kuume. Naye anajua ginsi inavyokuwa kukaa katika ukuta, kungojea pigo la mtu mwingine, na wakubwa wako kwenye viti.

Na kwa jamaa zote zenye mzee aliyecheza ao aliyefuata mpira wa miaka ile, hapa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, hata Kinshasa: mwulizeni angali mzima. Andikeni majina ya wachezaji, ekipe zao, michezo, prime walizoahidiwa na zile walizopata. Kazi hii haihitaji feza nyingi. Kalamu na kayé vinatosha. Tusipoifanya sisi, itafanywa na wengine, na tumekwisha kuona mwaka wa 1974 ginsi wanavyoandika.